Mrejesho: alamu ya bili kwenye swichi ya simu imezimika

Wakuu, niliuliza kuhusu swichi yetu (mtambo unaounganisha simu) iliyokuwa ikitoa alamu ya bili: seva ya malipo haichukui faili za CDR, yaani rekodi za simu zilizopigwa, na diski ya swichi inazidi kujaa. Wengi mlishuku diski. Diski ni nzima. Aliyesema tuangalie fayawoli, kile kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao, ndiye aliyepatia.

Kilichotuchanganya ni kwamba seva ilikuwa inaingia kwenye swichi vizuri, nywila inakubaliwa, halafu inaganda ikiomba orodha ya faili. Faili huchukuliwa kwa FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya mashine, nayo hutumia milango miwili ya mawasiliano yenye namba: 21 kwa amri, na mwingine kwa data. Katika hali ya pasivu, swichi ndiyo inayoteua huo wa pili. Watu wa mtandao walibadilisha fayawoli wakaruhusu 21 peke yake. Amri zinapita, mzigo unabaki getini.

Tumeiwekea swichi milango maalumu ya data, wao wakaifungua, faili zikaanza kushuka. Alamu ilisubiri diski ipungue ndipo ikazimika yenyewe.

Kisha tukakagua namba za mfuatano za faili. Hakuna faili iliyoruka, ila moja ilikuja mara mbili kwa kuwa uhamishaji ulikatika katikati. Mfumo wa bili uliikataa ya pili, la sivyo wateja wangelipishwa simu zilezile tena.

Mlioshauri tuzime na kuwasha swichi, asanteni, lakini CDR ambazo hazijaandikwa diskini zingeweza kupotea. Nani angezilipia?