Manchester United: kosa ni la kocha au la wenye timu?

MWANZISHA MJADALA, MALINDI

Ukumbi wa mpira hapa Maweni siku ya mechi hujaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. United ikipoteza mpira mara mbili tu, mtu ashapaza sauti: "Kocha aondoke!" Tumeyasikia hayo tangu enzi za Moyes, kocha aliyempokea Ferguson mwaka 2013. Akaja Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, Amorim, na kelele ni zile zile. Kwa maoni yangu tunamwandama mtu siye.

Familia ya Glazer, matajiri wa Marekani, ilinunua klabu mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa pesa za mkopo. Deni likabebeshwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa ikidaiwa. Tangu hapo mapato ya tiketi, jezi na televisheni yanalipia riba ya mkopo ambao klabu haikuuomba. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, mvua ilinyesha na maji yakaporomoka kutoka paa la Old Trafford hadi kwenye viti vya mashabiki. Uwanja wa klabu tajiri kiasi hicho!

Wako watakaosema Ferguson alishinda chini ya hao hao. Kweli, mataji matano ya ligi na Ligi ya Mabingwa ya 2008 yalikuja baada ya Glazer kuingia. Lakini mwaka 2013 Ferguson aliondoka pamoja na David Gill, mtendaji mkuu aliyeujua mpira. Madaraka yakaenda kwa Ed Woodward, mtu wa benki aliyewashauri Glazer walipokuwa wakiinunua klabu. Mkurugenzi wa soka hakuteuliwa mpaka Machi 2021. Miaka yote hiyo kila kocha alinunuliwa wachezaji wake, akafutwa, na mwenzake akarithi kikosi kisichoendana na mfumo wake.

Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza, naye alinunua zaidi ya robo ya hisa Februari 2024, akakabidhiwa mambo ya soka. Julai viongozi wakamwongezea kocha Ten Hag mkataba. Wakamletea De Ligt na Mazraoui, aliowafundisha Ajax. Oktoba wakamfukuza! Desemba akaondoka mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, hata nusu mwaka hajatimiza. Msimu ukaisha timu ikiwa ya 15 kwa pointi 42. Hapo aliyeshindwa ni kocha, au ni ofisi?

MCHANGIAJI, LAMU

Kaka, mimi sikubali. Pesa zimetoka. Pogba mwaka 2016 pauni milioni 89, Antony mwaka 2022 zaidi ya milioni 80. Mchezaji analipwa mshahara wa kifalme, anakosa goli tupu, Glazer afanyeje? Avae jezi aingie? Na hao Wamarekani mnaowalaumu, mbona wako Liverpool pia, na Liverpool imechukua ligi 2020 na 2025? Tatizo ni wachezaji wasioijali nembo, na makocha wanaowaogopa.

MWANZISHA MJADALA, MALINDI

Ndugu yangu, ahsante kwa kuitaja Liverpool, maana umenisaidia. Mwaka 2007 waliinunua Wamarekani wengine, Hicks na Gillett, kwa mkopo vile vile, na kufikia 2010 klabu ilikuwa karibu kuzama. Fenway, kampuni nyingine ya Wamarekani, walipoichukua mwaka huo waliufuta mkopo ule wa ununuzi. Baadaye wakampa Michael Edwards usimamizi wa usajili. Akaja Salah, akaja Van Dijk, akaja Alisson, na kocha Klopp akawa na wachezaji wanaofaa mchezo wake. Alipoondoka 2024, Slot akachukua ligi msimu wake wa kwanza, na karibu kikosi chote alikikuta. Uraia wa mwenye timu haujawahi kuwa hoja yangu.

Na kuhusu Antony: sisemi alicheza vizuri, hakucheza. Lakini yeye hakujipangia bei. Kuna mtu ofisini aliyekaa na Ajax akakubali kulipa kiasi kile kwa sababu kocha wa wakati ule alimtaka, na dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Huyo ndiye ninayemtafuta kwenye mjadala huu.

Basi nitajie, kaka, mchezaji mmoja ambaye United ilimsajili kati ya 2013 na 2021 kwa mpango wa klabu, si kwa hamu ya kocha aliyekuwepo siku ile. Na wengine wa Malindi na Lamu mnaosoma, changieni.