Montserrat ni nchi au ni timu ya Hispania? Tumebishana mpaka banda limefungwa

Wa_Magomeni
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana jana nimedhalilishwa mbele za watu. Tupo banda umiza la kuonyeshea mpira hapa Magomeni Mtwara, mechi ya kwanza imeisha tunasubiria ya pili, dogo mmoja akatoa mkeka wake wa kubeti tuusome na ndani yake kuna Montserrat, mi nikamwambia hiyo itoe bwana hicho ni kisiwa kilichoungua na volkano hao watu hawana hata pa kufanyia mazoezi. Basi akainuka mwalimu mmoja, wale wa kujua kila kitu, akasema eti Montserrat ni mlima upo Hispania jirani na Barcelona na hiyo timu ni ya madaraja ya chini kule. Banda zima likamwamini yeye kwa sababu ni mwalimu na mi ni dereva boda. Tumewekeana sahani ya pweza.
Sasa naulizia, kwanza ni nchi au sio nchi? Na kama volkano iliwafunika, wanaocheza ni akina nani? Halafu kuna siku nilisikia redioni kwamba waliwahi kucheza "fainali" ya kumtafuta wa mwisho duniani, hii ni kweli au nilisinzia? Mwenye kujua historia yao aniwekee hapa nikamsomee mwalimu.

Bint_Mikindani
Pweza mgawane nusu kwa nusu kaka. Mlima Montserrat upo kweli huko Catalonia na una monasteri kubwa, mwalimu hajadanganya. Ila Columbus alipopita Karibi mwaka 1493 akakiona kisiwa akakipa jina la hiyo monasteri, ndo hicho unachokisema wewe. Mlima na kisiwa vyote vipo, kilichopo kwenye mkeka ni kisiwa.

MwanaKuchele
Ngoja niweke vizuri maana hawa jamaa nawafuatilia muda mrefu, tangu Ndanda yetu iko ligi kuu mi ni mtu wa timu za wanyonge mnanijua.

Montserrat ni kisiwa kidogo sana, kilometa za mraba 102, kipo karibu na Antigua na kipo chini ya Uingereza mpaka leo, hawajapata uhuru na wala sidhani kama wanaukimbilia. Kabla ya volkano walikua watu kama elfu 11 hivi, sasa hivi hawafiki hata elfu 5. Yaani chukua kata moja tu hapa mjini inawazidi, halafu hao ndo watoe golikipa, mabeki, mastraika, kocha na mtu wa kubeba maji.

Mpira walikua nao kabla ya balaa. Mwaka 1995 walicheza na Anguilla kwenye mchujo wa kombe la Karibi wakawafunga nyumbani na ugenini. Julai mwaka huohuo mlima wao, Soufrière Hills, ukaamka. Ulikua umelala karne na karne watu wanalima ubavuni mwake hawana habari. Mji mkuu Plymouth ukahamishwa watu, wakarudi, wakahamishwa tena, mwisho ukafunikwa kabisa na majivu na matope, ukitazama picha unaona mnara umechomoza na ghorofa za juu tu. Juni 25, 1997 wakafa watu 19 waliokua kwenye eneo lililokatazwa, wengine walikua wamefuata mashamba yao, na hili sisi wa kusini tunalielewa, nani ataacha mikorosho yake msimu umefika kwa sababu serikali imesema usiingie. Uwanja wa ndege nao ukaenda. Theluthi mbili ya watu wakahama, wengi Uingereza na wengine Antigua hapo jirani, na nusu nzima ya kisiwa upande wa kusini mpaka leo ni marufuku.

Sasa cha ajabu uanachama wa FIFA wameupata 1996. Hapo mlima unatema moto! Yaani wamekabidhiwa cheti na uwanja hawana, wachezaji wako kwenye mahema na makanisa. Mchujo wao wa kwanza wa kombe la dunia mwaka 2000 walipangwa na Jamhuri ya Dominika, wakapigwa 3-0 na 3-1, na hata ile ya "nyumbani" haikuchezwa kwao, ilipelekwa Trinidad.

Kuhusu fainali ya wa mwisho, hukusinzia. Mwaka 2002 Uholanzi walishindwa kufuzu kombe la dunia, sasa Waholanzi fulani hawana timu ya kushangilia wakajiuliza hivi kwenye ule msimamo wa FIFA wa chini kabisa ni nani. Wakakuta Bhutan ni wa 202 na Montserrat ni wa 203, baada ya hapo hakuna mtu. Wakawakutanisha Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, Juni 30, 2002, siku ileile Brazil wanacheza na Ujerumani fainali ya kombe la dunia kule Yokohama. Refa alitoka Uingereza, Steve Bennett, yule wa ligi kuu yao, mechi ilikua rasmi kabisa. Sasa fikiria watu wa kisiwani wanaokaa usawa wa bahari wanapelekwa milimani zaidi ya mita 2,300 baada ya safari ya kuzunguka nusu ya dunia. Bhutan 4, Montserrat 0, Wangay Dorji akapiga tatu peke yake. Filamu ipo ya mechi hiyo, mtafute mwalimu muangalie wote.

Hivyo kwa kifupi wewe uko sahihi ni nchi (ya kimpira), ila uliposema hawana pa kufanyia mazoezi hapo umechemka, uwanja wanao, unaitwa Blakes Estate, upo kaskazini sehemu inaitwa Look Out, FIFA waliwasaidia. Uwanja mzuri tu una nyasi na mlima nyuma. Mi nikiuona nakumbuka uwanja wetu wa Nangwanda siku ya mvua.

Nachingwea_Boy
Mkuu umeruka Bermuda makusudi 😂😂 2004 kwenye mchujo walikula 13 ugenini halafu wakarudi kwao Blakes Estate, uwanja wenyewe mpyaaa, wakala 7. Jumla ishirini bila. Ishirini! Hata sisi darasa la tano B tulipocheza na la saba hatukufika huko na kipa wetu alikua amevaa ndala.

MwanaKuchele
Sijaruka, nilikua naheshimu wafiwa.

Kaka_wa_Ruangwa
Naomba kuuliza wadau, hawa mpaka leo washawahi kushinda mechi yoyote ukiacha hao Anguilla? Maana niliona mahali imeandikwa ushindi wao wa kwanza ni 2012.

Bint_Mikindani
Inategemea unaanzia kuhesabu wapi. Ukianzia walipoingia FIFA basi ndio, wa kwanza ni 2012, waliwafunga Visiwa vya Virgin vya Uingereza 7-0 kwenye mchujo wa kombe la Karibi. Miaka kumi na sita wanapigwa tu, halafu siku moja wanapiga saba. Nachingwea_Boy hiyo nayo iandike sio kila siku Bermuda.

Kaka_wa_Ruangwa
Shukran dada. Ila mi kuna kitu hakinikai. Nimepekua kikosi chao naona wengi wamezaliwa London, wanacheza madaraja ya chini Uingereza, huyo straika wao Lyle Taylor alikua Charlton kabisa na baadae Nottingham Forest. Sasa hiyo ni timu ya Montserrat au ni timu ya Waingereza waliokosa namba kwao? Timu yetu ya Namungo wakija na wachezaji kumi na moja wote kutoka Dar na wageni watu wanalalamika, hawa mnawasifia.

MwanaKuchele
Hapo ndo penyewe kaka, na mi nakupinga. Watu walihama kwa sababu mlima uliwafukuza. Mtoto wa mtu aliyetoka Plymouth akazaliwa London sio Mwingereza aliyekosa namba, huyo ni mtoto wa kisiwa ambacho nyumba ya bibi yake ipo chini ya majivu. Sheria ya FIFA inamruhusu, mzazi au bibi na babu awe amezaliwa pale basi. Chukulia Mtwara ingekua inacheza kama nchi, ungewakataa watoto wa Kimakonde waliozaliwa Mbagala? Si ungesimama mwenyewe stendi ya Rangi Tatu unawasajili mmoja mmoja, huyu mama yake wa Tandahimba huyu babu yake wa Kitangari, panda basi.

Na ona kilichotokea walipowaita vizuri. 2015 walipangwa na Curaçao ya kocha Patrick Kluivert kwenye mchujo wa kombe la dunia, ugenini wamefungwa 2-1, nyumbani sare 2-2. Hawa ndo walikua wanakula ishirini. Halafu akaja kocha Willie Donachie, Mskoti, beki wa zamani wa Manchester City, kwenye mchujo wa Ligi ya Mataifa ya ukanda wao 2018/19 wakafungwa na El Salvador 2-1 pale kwao, halafu wakamfunga Aruba, wakamfunga Belize, wakamfunga Cayman. Pointi 9 mechi 4. Wakakosa Gold Cup, kombe la mataifa la ukanda wao, kwa tofauti ya magoli tu, hapo niliumia kama nilikua na mkeka, na kweli sikua nao.

Mwaka 2021 mchujo wa kombe la dunia ndo funga kazi. Sare na Antigua, sare na El Salvador, wakawapiga Visiwa vya Virgin vya Marekani 4-0, wakawapiga Grenada 2-1. Hawajafungwa hata mechi moja kwenye kundi, wakamaliza wa pili na pointi 8, ila anayepita ni mmoja na ni El Salvador. Watu hawafiki elfu tano jamani.

Kaka_wa_Ruangwa
Umenibana hapo kwenye Mbagala. Ila Namungo bado nalalamika.

Mzee_wa_Chuno
Vijana hamjambo. Mimi swali langu halipo kwenye magoli. Mmesema wenyewe hicho kisiwa hakijapata uhuru, kipo chini ya Uingereza, watu hawafiki elfu tano, lakini FIFA wapo. Sasa Zanzibar watu zaidi ya milioni, ina rais wake, ina baraza lake, ilichukua kombe la CECAFA 1995, mwaka huohuo volkano ya hao wa Montserrat imelipuka, na FIFA hawaingii. Nilikua kwenye majahazi miaka ya nyuma nimekaa Unguja sana, hili jambo wenzetu linawauma. Nani ataeleza?

MwanaKuchele
Shikamoo mzee. Nitajaribu. Kanuni za FIFA zinaruhusu eneo ambalo halijapata uhuru kuomba uanachama, ila kwa ruhusa ya chama cha mpira cha nchi inayolitawala. Montserrat chama chake kilikua kinajitegemea na Waingereza hawakuwa na neno, ndo njia hiyohiyo waliyopita wenzao Anguilla, Cayman na hao Virgin. Zanzibar sio koloni la Tanzania, ni sehemu ya muungano, hivyo hailingani na kifungu hicho. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, waliwakubali Machi 2017 wakawa mwanachama wa 55, watu wakacheza ngoma Unguja, Julai mwaka huohuo wakafutwa, hoja ikawa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Mzee_wa_Chuno
Marahaba. Kwa hiyo Zanzibar ingekua bado inatawaliwa ingecheza.

MwanaKuchele
Ndo hivyo mzee, ukiipindua inasomeka hivyo.

Mzee_wa_Chuno
Haya. Dunia ina mambo. Na Disemba ileile waliyofutwa walifika fainali ya Challenge, hilohilo kombe la CECAFA, wakaangushwa na Kenya kwa penati. Hao sio wa 203.

Nachingwea_Boy
Mi najiuliza tu timu ngeni inafikaje huko Montserrat kama uwanja wa ndege uliungua.

Bint_Mikindani
Ulijengwa mwingine kaskazini ukafunguliwa 2005, njia ya kurukia ni fupi kama mita 600 tu, vinatua vindege vidogo vinatoka Antigua. Kabla ya hapo ilikua ni boti na helikopta. Unakumbuka daraja la Somanga lilipokatika tukakaa huku hatujui lini basi litapita? Wenzetu miaka nane hivyo.

Wa_Magomeni
Wakuu asanteni sana. Nimemsomea mwalimu leo jioni yote, neno kwa neno, banda limekaa kimya hata mwenye banda kapunguza sauti ya runinga. Ilipofika Bhutan watu wakacheka, ilipofika hao 19 waliofuata mashamba pakatulia, mzee mmoja akauliza mnazi unapona na majivu? Sijui nimjibu nini, mwenye kujua aniambie.
Mwalimu kakubali ila kasema na yeye mlima wake upo, kwa hiyo pweza tumechanga wote wawili.
Yule dogo hakuitoa Montserrat kwenye mkeka. Aliyemchania ni Arsenal.