Mkaa unasema karne ya 11, kombe linasema karne ya 7: kwenye kaboni 14 tuamini kipi?

Tabaka_la_Tatu

Wakuu, salaam. Nahitaji wanaozijua namba hizi za kaboni 14 (kaboni yenye mionzi inayopungua polepole kiumbe akishakufa, ndiyo tunayopimia umri), si wanaozikataa kwa imani wala wanaozimeza nzima nzima.

Chukulieni shimo la majaribio la mita 1 kwa 1, ukanda wa Kunduchi kwenda Bagamoyo, mchanga mtupu na vigae. Tabaka moja, kina cha sentimita 60 hadi 70, sampuli mbili zilizolala umbali wa kiganja. Kipande cha mkaa kimerudi 980 ± 30 BP (umri wa kaboni, miaka kabla ya 1950). Kombe la chaza limerudi 1420 ± 30 BP. Ukisoma hivi hivi, mkaa unaangukia karne ya 11 au ya 12, kombe karne ya 7. Karne nne ndani ya kiganja!

Je, tabaka limevurugwa? Au ndiyo ile hoja ya konokono hai aliyepimwa akatoka na umri wa miaka 2,300, inayozungushwa kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba kipimo hiki ni cha uongo? Na kwa sisi wa pwani hii, grafu ipi ya kalibresheni (ile inayogeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda) itumike, ya kaskazini au ya kusini mwa dunia?

MamaMizani

Mkuu Tabaka, namba zako hazigombani. Ningeshtuka kama zingefanana.

Mti unakula kaboni ya hewani. Chaza anajenga gamba lake kwa kaboni iliyoyeyuka baharini, na maji ya bahari yana sehemu kubwa ambayo ilikuwa vilindini karne kadhaa bila kuonana na hewa. Kaboni 14 yake imeshaanza kupungua kabla chaza hajazaliwa. Kwa hiyo kiumbe wa baharini huzaliwa tayari ana "umri" wa miaka kama 400, pengine zaidi, kutegemea mahali. Toa 980 kwenye 1420, unabaki na 440. Hiyo ndiyo tofauti inayotarajiwa kwa vitu viwili vya wakati mmoja.

Usilitoe kwa mkono lakini. Gamba la baharini linarekebishwa kwa grafu yake, Marine20, halafu unaongeza tofauti ya mahali, ile inayoandikwa ΔR. Hupatikana kwa kupima makombe ya makumbusho yaliyookotwa hai kabla ya mwaka 1950, kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia hayajaichafua hewa. Mtego ambao watu wengi wananaswa ni huu: wanachukua ΔR kutoka makala ya zamani, iliyopigiwa hesabu ya Marine13, wanaitia kwenye Marine20. Grafu mpya imepandisha umri wa bahari kwa takriban miaka 150, kwa hiyo unakuwa umerekebisha mara mbili. Ipigwe upya kwanza.

Konokono wa WhatsApp ni kweli. Ilichapishwa mwaka 1963 na Keith na Anderson, na jibu limo humo humo: konokono na kombe wa maji baridi wanaingiza kaboni kongwe, hasa ya mboji na mahali pengine ya mawe ya chokaa, iliyopungukiwa kaboni 14. Wanaoileta kama fumanizi wanasahau kwamba waliofumania ni wataalamu wa kupima wenyewe, wakiwaonya wenzao.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye mkaa wako. Ni mti gani?

Tabaka_la_Tatu

Haujatambuliwa, dada. Umeandikwa "mkaa" basi.

MamaMizani

Hapo ndipo penye kazi. Kaboni 14 haipimi siku moto ulipowashwa, inapima mwaka ule pete ya mti ilipoota. Moyo wa mvule mkubwa unaweza kuwa na karne mbili tatu zaidi kuliko gome lake, na zote mbili zikiungua zinakuwa mkaa unaofanana machoni. Ukipima moyo, jiko lako linazeeka karne mbili bila kosa lolote la maabara.

Boriti za mikoko ni afadhali kwa kuwa ni nyembamba, umri wake ni wa miongo tu. Wengine wanauliza kama mkoko nao unahitaji marekebisho ya bahari kwa sababu umesimama majini. Hapana, majani yanakula hewa. Tatizo la boriti ni kutumika tena: inang'olewa nyumba mbovu, inaezekewa nyumba mpya, mwisho inakuwa kuni.

Kama bado una udongo wa tabaka lile, utie majini, vinavyoelea uvichekeche. Tafuta punje ya mtama, ya mpunga, mbegu ya mbuyu, kifuu cha nazi. Punje imeota mwaka mmoja, ikaungua mwaka huo au unaofuata. Punje moja nzima ya mtama inatosha mashine za siku hizi, kwani AMS inahesabu atomi zenyewe na inaridhika na kama miligramu 1 ya kaboni safi. Zamani, kwa kusubiri mionzi ilie, zilihitajika gramu kadhaa, ndiyo maana watu walichanganya vipande vya mkaa kutoka pembe zote za shimo na kupata wastani wa vitu visivyohusiana.

Fundi_Chekeche

Nyongeza ya shambani. Mchanga wa pwani hautunzi siri. Kaa wanachimba, panya wanachimba, mizizi ya mnazi inaoza na kuacha bomba ambalo mkaa wa juzi unadondokea hadi chini. Ukiona doa la duara jeusi kwenye ukuta wa shimo, usichukue sampuli humo hata kama mkaa wake ni mzuri kama wa kuuza gunia. Chukua kilichofungwa: ndani ya jiko, chini ya sakafu ya chokaa isiyopasuka, ndani ya chungu.

Shika kwa kibano au ncha ya mwiko, si vidole vyenye mafuta ya kujipaka. Funga kwenye karatasi ya foili, kisha kifuko chenye namba ya shimo, tabaka na kina. Usitie pamba wala karatasi ya chooni, hizo ni kaboni za leo. Usifunge mbichi kwenye plastiki: kwa joto la Dar siku mbili tu ukungu umeota, nao ni kaboni ngeni. Anika kivulini au oveni isiyozidi nyuzi 40.

Uchafu unadhuru kiasi gani? Inategemea umri. Sampuli ya miaka 5,000 ikibakiwa na asilimia 1 ya kaboni ya kisasa, itaonekana changa kwa miaka kama 70. Kitu kisicho na kaboni 14 kabisa, kikipata asilimia 1 hiyo hiyo, kitatoka na umri wa miaka 37,000 na kitaonekana kizuri tu. Ndiyo maana tarehe za zaidi ya 40,000 zina kesi nyingi, na karibu na 50,000 kipimo kimefika ukingoni. Nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.66 hazikupimwa kwa kaboni na haziwezi, msiwasikilize wanaochanganya.

Mifupa ya pwani hii ni bahati nasibu. Joto na unyevu vinamaliza kolajeni, protini ya mfupa. Ikitoka chini ya asilimia 1 ya uzito wa mfupa, au uwiano wa kaboni kwa naitrojeni ukiwa nje ya 2.9 hadi 3.6, iacheni. Na mfupa wa mtu aliyekula samaki maisha yake yote umebeba sehemu ya ule umri wa bahari.

Mbishi_Halali

Samahani wakuu, ila mnasikika kama mpishi anayeongeza chumvi mpaka mgeni aseme tamu. Bahari, toa. Mti mkubwa, toa. Grafu imebadilika, rekebisha. Lini mtasema namba imekataa? Na chuma cha Katuruka kule Kagera: tarehe za milenia ya kwanza kabla ya Kristo zimebishaniwa tangu miaka ya 1970 mpaka leo.

Mzee_wa_Pete

Swali halali. Jibu ni kwamba marekebisho yanatoka kwenye vitu ambavyo mwaka wake unajulikana bila kaboni 14. Pete za miti zimehesabiwa moja moja, zikaunganishwa mti kwa mti kupita miaka 12,000, na kila rundo likapimwa. Nyuma ya hapo kuna vitu kama tope la Ziwa Suigetsu, Japani, linalotua tabaka la kila mwaka. IntCal20, grafu ya kaskazini mwa dunia, inafika miaka 55,000. Hakuna anayeichora ili ifae shimo la Kunduchi.

Majaribio ambayo kipimo kingeweza kufeli yapo pia. Mwaka 2010 zilichapishwa tarehe za mbegu, vikapu na mimea mingine ya muda mfupi kutoka makaburi ya Misri, vitu vilivyofungamana na wafalme. Ufalme Mpya ukaangukia kuanza kati ya 1570 na 1544 KK, pale pale walipokuwa wanapigania wanahistoria. Mfano mkali zaidi ni wa Waviking huko L'Anse aux Meadows, Kanada. Mwaka 993 dunia ilipigwa na mnunurisho kutoka angani ulioacha ruka la kaboni 14 kwenye pete za miti kila mahali. Watafiti wakaitafuta pete hiyo kwenye magogo matatu yaliyokatwa kwa chuma, wakahesabu pete 28 kwenda kwenye gome: 1021. Magogo yote matatu, mwaka ule ule. Sisi bado hatuna anasa hiyo, miti yetu mingi haina pete za kuaminika, ingawa mninga hujitahidi.

Katuruka ni kesi ya aina nyingine. Kwanza, swali la mkaa mkongwe: mti wa tanuri ulikuwa na umri gani, au mkaa ulikuwa udongoni kabla ya tanuri? Pili ni balaa la grafu yenyewe. Kati ya 800 na 400 KK iko bapa, wanaita uwanda wa Hallstatt. Kitu cha 750 KK na cha 450 KK vinaweza kutoa namba ile ile, karibu 2450 BP. Mashine iwe nzuri vipi, hapo inakupa karne nne. Bahati mbaya chuma cha mwanzo cha Maziwa Makuu kinaangukia humo humo. Kinachosaidia ni mfuatano wa sampuli nyingi za muda mfupi, tabaka juu ya tabaka, zifungwe pamoja kwenye OxCal, programu ya kalibresheni. Tarehe moja ya mkaa mmoja haitamaliza ubishi huu hata ipimwe mara kumi.

Kwa hiyo namba hukataa, Mbishi. Hukataa kwa kukuambia "sijui, kati ya hapa na pale", na watu hawapendi kulisikia hilo.

MamaMizani

Namalizia swali la grafu. Hewa ya kusini mwa dunia ina kaboni 14 pungufu kidogo, vitu vyake hutoka vizee kwa miaka kama 36 kwa wastani. Tanzania iko kusini mwa ikweta kwenye ramani, lakini mimea inanenepa wakati wa mvua, na kaskazi inatuletea hewa ya upande wa pili. Kutumia SHCal20, grafu ya kusini, peke yake ni kudai kwamba kaskazi haivumi. Changanya na IntCal20 ndani ya OxCal, andika umechanganyaje.

Kwenye ripoti weka namba ya maabara, umri ghafi na ± yake, δ13C (kipimo cha kaboni 13 dhidi ya kaboni 12), aina ya sampuli, grafu, kisha miaka ya kalenda kwa asilimia 95. Ile ± 30 ni ya sigma moja tu, tarehe moja kati ya tatu inaangukia nje yake. Usizidishe kwa 1.03 ukidhani unasahihisha nusu-maisha (miaka ambayo nusu ya kaboni 14 hupotea) kutoka 5568 kwenda 5730. Grafu imejengwa kwa 5568 na kosa hilo linajifuta lenyewe. Na BP ni kabla ya 1950, si kabla ya leo.

Fundi_Chekeche

Na msipeleke mkaa wa magofu ya karne ya 19. Kuanzia kama 1650 grafu inapanda na kushuka hadi majibu yanatapakaa miaka 300, mamia ya dola yamekwenda. Huko kigae cha Ulaya chenye chapa kinakupa muongo. Hata kwa karne ya 11 sarafu hushinda: hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ilikuwa na dinari za Kifatimi, ya mwisho ya 1066, pamoja na sarafu za fedha za Ali bin al-Hasan, mtawala ambaye mwanaakiolojia Chittick alimweka Kilwa karibu na 1200; sarafu hizo zikamrudisha nyuma hadi karne ya 11.

Tabaka_la_Tatu

Shukrani. Kuna gunia nusu la udongo wa tabaka hilo bado halijachekechwa. Kesho linaelea.

Fundi_Chekeche

Wavu wa milimita 0.5 au chini, mkuu. Punje ya ulezi inapita kwenye wa 2.