Naomba ushauri: Mazoezi ya dharura ya njia ya hewa katika hospitali isiyo na sanamu ya mafunzo

Nesi wa Usingizi
Wakuu, habari za majukumu. Nimepewa kazi ya kuandaa mazoezi ya kuigiza dharura ya mgonjwa aliyeshindikana kuwekewa mpira wa kupumulia, na hata ukimpa ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono) hewa haiingii. Hospitali yetu ni ya wilaya, sanamu ya mafunzo hatuna, na baadhi ya madaktari wanaona hayo ni mambo ya wanafunzi. Nianzie wapi?

Zamu ya Usiku
Usisubiri sanamu. Chukua buchani koromeo la mbuzi, lifunike kwa kipande cha ngozi, na kila mmoja ajifunze kutoboa tundu la hewa kooni kwa mkono wake. Mwongozo wa 2015 wa Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha wataalamu wa njia ya hewa iliyo ngumu, ulihitaji kisu chenye wembe namba 10, buji (kijiti laini cha kuongozea mpira), na mpira wenye puto wa ukubwa wa 6.0: unachoma utando ulio chini ya kikoromeo, kile kinundu cha mbele ya koo, unageuza makali yaelekee miguuni, unapitisha buji kando ya wembe, kisha mpira unafuata juu yake.

Mama Theatre
Hilo litafundisha mkono tu, na mara nyingi tatizo haliko mkononi. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley aliingia kufanyiwa upasuaji mdogo wa kawaida, njia ya hewa ikashindikana, na muuguzi akaleta vifaa vya kutoboa koo na kusema viko tayari. Madaktari watatu waliokuwepo waliendelea kuhangaika na mpira, na mama yule akafariki. Kwa hiyo, dada, mpe muuguzi sentensi ya kusema kwa sauti: «Daktari, mpira umeshindikana, oksijeni inashuka, kisu hiki hapa.» Fanyeni zoezi chumbani kwenu, kwa toroli lenu, ndipo mtakapogundua kuwa betri za laringoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia koo) zimekufa na buji imefungiwa stoo.

Nesi wa Usingizi
Ahsante, mama. Na daktari akiona amedharauliwa?

Mama Theatre
Badilisheni nafasi. Mganga mfawidhi ashike saa na kutaja kiwango cha oksijeni, wewe uongoze, kisha mrudie kwa kupokezana. Maongezi ya baadaye yaanze na wa cheo cha chini, la sivyo wote watakubaliana na bosi.

Zamu ya Usiku
Nyongeza: mwambie muuza nyama mapema asitenganishe koromeo na bomba la hewa, maana wengi hulikatia kichwani kwa ajili ya supu.