Nimetuma imeili 63 kwa mahoteli, majibu mawili tu. Nakosea wapi?

MpigaPasi: Wakuu, habari za jioni. Nafanya udobi wa mashine hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar. Nafulia nyumba za wageni za mjini, sasa nataka hoteli za Nungwi na Kendwa. Mwezi wa tano nilituma imeili 63. Mmoja kajibu "tumepokea", mwingine kaniuliza kama nauza sabuni. Imeili yenyewe hii hapa, msinicheke:

"Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kampuni changa yenye weledi na vifaa vya kisasa. Tunaomba kufanya kazi na taasisi yako tukufu. Tafadhali pokea profaili yetu yenye kurasa 14."

Na nifuatilie vipi bila kuwa kero?

BintiPaje: Kaka, nimekaa manunuzi ya hoteli miaka minne. "Taasisi tukufu" yenyewe ilikuwa na vyumba 40 na jenereta bovu. Kurasa 14 sikuwahi kufungua za mtu yeyote. Halafu ile anwani ya jumla ya hoteli, ya info@, inasomwa na mapokezi, na wao wanatafuta bukingi tu, ya dobi wanaipita. Anayeteseka na mashuka ni mkuu wa usafi wa vyumba. Piga simu, uliza jina lake, kisha mwandikie yeye jambo linalomkera. Mfano:

"Bi. Fulani, habari za kazi. Taulo nyeupe zikitoka kufuliwa na madoa ya rangi ya kutu, mara nyingi ni mafuta ya jua ya wageni yaliyokutana na maji yenye chuma, na klorini huyazidisha. Naomba taulo kumi mlizokwisha kuzitenga, nizijaribu bila malipo. Gari letu linapita Nungwi Jumanne. Nipitie?"

Basi, ishia hapo. Kama bosi ni mgeni, andika Kiingereza chepesi.

MpigaPasi: Dada, madoa yakigoma je?

BintiPaje: Umeandika utajaribu, hukuahidi. Mtu akiniletea taulo akasema "hizi mbili zimenishinda", huyo ndiye ningempa kazi.

Kijana116: Imeili za nini? Panda daladala ya Nungwi ukaonane nao uso kwa uso.

BintiPaje: Atafika getini, askari amuulize ana miadi na nani, ageuze. Jina kwanza.

FundiMitambo: Mkuu, hizo 63 ulizituma kwa mkupuo, wote kwenye nakala fiche? Na domeini yako, lile jina la baada ya @, ina SPF na DKIM, yaani mipangilio ya kuthibitisha kuwa imeili imetoka kwako kweli? Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma kwenye akaunti zake awe walau na kimojawapo. Aliyekuuzia domeini anaweza kukuwekea. Bila hivyo huenda unaongea na makapu ya spamu.

MpigaPasi: Kwa mkupuo, ndiyo. Hizo herufi ndiyo nazisikia leo.

MzeeStoo: Na umetuma mwezi wa tano, masika! Kuna hoteli hufunga kabisa, meneja yuko kwao. Waandikie upya sasa. Kufuatilia: subiri siku nne au tano, jibu juu ya imeili ileile ili aone mlipoishia, na uje na kitu kipya, kama picha ya taulo kabla na baada. Lile neno "nakumbushia" liache, linamfanya mtu ajione mdeni wako. Ukishaandika mara tatu kimya, muage kwa heshima, umrudie mwakani kabla ya msimu.

MpigaPasi: Mrejesho, wakuu. Nimepiga simu hoteli tano, nikapata majina matatu. Wawili bado kimya, mmoja kanijibu siku ileile: "Njoo Jumanne, zipo nyingi." Kanipa taulo 12. Tisa zimetoka safi, mbili zimebaki na kivuli, moja imegoma kabisa. Nazirudisha kesho zote, na hiyo moja naiweka juu.