Seva yenye admini mkali, au kila mtu azuie mwenyewe? Naomba ushauri

Kibuyu_Tupu: Wakuu salaam. Kikundi chetu kinahamia Mastodon, ule mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, kila moja na admini wake, na tunatakiwa tuamue kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna seva mbili mezani. Ya kwanza admini wake ni mkali, akichukia seva nyingine anaifungia yote. Ya pili iko wazi, kila mtu anazuia asiyemtaka. Ipi bora?

Mzee_wa_Terminali: Mkuu, kikundi cha watu wangapi? Mnaandika nini? Kuna anayewasumbua au mnajihami tu? Bila hayo tunapiga ramli.

Chausiku: Chukua iliyo wazi, usisubiri. Mastodon inakuruhusu kumzuia mtu, kumnyamazisha, hata kuzuia seva nzima kwa upande wako bila kumgusa jirani. Orodha yako unaipakua kama faili la CSV, ukihama unahama nayo. Admini wa kunichagulia marafiki wa nini?

Mimi yamenikuta. Admini wetu aligombana na admini mwenzake, ugomvi wao binafsi kabisa, usiku huo akaifungia seva ya yule bwana. Asubuhi naona wafuasi wamepungua, nikadhani ni hitilafu. Nikaendelea kuandika. Kuna dada wa seva ile tulikuwa tunabishana karibu kila siku, kimya. Nikaona amenichoka. Kumbe naye alikuwa anasema hivyo hivyo kunihusu, mpaka aliponitafuta kwa barua pepe. Admini alipopoa akafungua, lakini ufuasi ukishakatwa haurudi wenyewe, ilibidi kila mtu afuate upya. Wengi hawakurudi. Arifa ya kukujulisha kwamba umekatiwa wafuasi ilikuja na toleo la 4.3, mwaka 2024. Kwangu ilishachelewa.

Mzee_wa_Terminali: Pole sana dada. Ila admini wenu alirukia hatua ya mwisho. Admini anaweza kuibana seva tu: mabandiko yake hayaonekani kwenye mkondo wa wote, lakini aliyekuwa anafuata mtu kule anaendelea kumwona. Anaweza pia kukataa picha peke yake.

Chausiku: Anaweza. Je, anafanya?

Lulu_wa_Pwani: Mnaosema "zuia mwenyewe" hamjawahi kuvamiwa. Ili umzuie mtu lazima kwanza umsome! Februari 2024 spamu ilimwagika kutoka seva ndogo ndogo zilizoachwa usajili wazi bila mtu wa kuzitazama. Akaunti mpya tupu, majina ya herufi za kubahatisha. Nazuia moja, inakuja nyingine na bandiko lilelile, simu inalia tu. Admini wetu alipozifungia seva zile, nikalala.

Funguo_Zangu: Njooni Nostr, mtandao mwingine, hakuna admini. Una ufunguo wako wa siri, ndio akaunti yako, basi.

Lulu_wa_Pwani: Na msumbufu naye anatengeneza ufunguo mpya kwa sekunde moja. Asante, sitaki.

Funguo_Zangu: Relei nyingine, yaani seva za kupitisha mabandiko ya Nostr, zinatoza ada, spamu inapungua.

Mzee_wa_Terminali: Kwa hiyo mwenye relei anaamua nani aingie. Huyo si admini?

Funguo_Zangu: Nikichukizwa naye nahamia relei nyingine na ufunguo uleule, wafuasi wangu hawaguswi. Ninyi mlioifungia Gab, mtandao wa watu wa mrengo mkali wa kulia, mwaka 2019 mnajiita huria?

Mzee_wa_Terminali: Gab ilichukua programu ya Mastodon kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, na hakuna aliyeweza kuikataza. Seva zingine zikakataa kuzungumza nayo. Uhuru wa kusema haunilazimishi kusikiliza.

Chausiku: Mbona hata Tusky, programu ya simu tu, ilikataa watu wa Gab wasiingie? Hiyo siyo seva.

Mzee_wa_Terminali: Hapo nakubali palikuwa na mjadala.

Kibuyu_Tupu: Jamani tumetoka kwenye mada 😅 Tuko kama kumi na tano, watafsiri. Sikutaja kwamba wawili wetu wanaandamwa na mtu mmoja, kila akizuiwa anafungua akaunti nyingine.

Lulu_wa_Pwani: Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo! Kumzuia hakutoshi: bandiko la wazi atalisoma bila hata kuingia. Na ripoti yako ikitumwa seva anakotoka, kama hakuna msimamizi kule, imekwenda na maji. Nenda kwa admini mkali.

Chausiku: Kwa hao wawili sawa. Wengine kumi na tatu wanaadhibiwa kwa lipi?

Mzee_wa_Terminali: Fungua ukurasa wa "Kuhusu" wa seva zote mbili. Mastodon inamruhusu admini kuweka hadharani seva alizofungia na sababu zake. Sababu ikiwa "wajinga" tu, kimbia. Uliza pia wako wasimamizi wangapi. Akiwa peke yake, akiumwa mmekwisha.

Kibuyu_Tupu: Nimeangalia. Ya mkali ina orodha ndefu, sababu zimeandikwa vizuri. Ya pili haina orodha kabisa. Tukikosea, tunaweza kuhama tena?

Mzee_wa_Terminali: Wafuasi mnahama nao. Mabandiko yanabaki kule kule.

Kibuyu_Tupu: Yote?

Funguo_Zangu: Nostr yangebaki na wewe, nasema tu.

Chausiku: Huyu naye 🙄