Je, Wamarekani waliponea Omaha kwa sababu akiba ya Divisheni ya 352 ilikuwa njiani?

KASKAZI
Wakuu, ninaanza na msimamo wangu ili tubishane kwa ushahidi. Divisheni ya 352 ya Ujerumani iliupoteza ufuo wa Omaha, pale Normandy, Ufaransa, walipotua Wamarekani, tarehe 6 Juni 1944 kwa sababu akiba yake (askari waliowekwa nyuma kusubiri kutumwa) haikuwepo ilipohitajika, na mwenye lawama ni kamanda wake, Jenerali Dietrich Kraiss.

Akiba hiyo ilikuwa Rejimenti ya 915 pamoja na batalioni ya fusilia (askari wa miguu), chini ya Luteni Kanali Karl Meyer, kusini-mashariki mwa Bayeux. Usiku zikaja taarifa za askari wa miamvuli upande wa magharibi. Baadhi walikuwa wa kweli, Wamarekani wa Divisheni ya 101 waliotawanyika karibu na Carentan. Wengine vinyago vya nguo vilivyodondoshwa na Waingereza. Saa 9:10 usiku Meyer akaamriwa kwenda magharibi, upande wa mlango wa mto Vire. Kabla ya kupambazuka akasimamishwa, kisha akaambiwa ageuze. Batalioni moja ikatumwa Colleville, nyuma ya Omaha, na kikosi kilichobaki kikaelekezwa Crépon kuwakabili Waingereza waliotua Gold, ufuo wa mashariki mwa Omaha. Safari yote hiyo ni kwa baiskeli na malori ya Kifaransa ambayo madereva wake walidai kila mara kwamba injini imegoma. Kulipokucha ndege zikawakuta barabarani. Meyer aliuawa siku hiyo hiyo. Kikosi kimoja kilikatwa vipande viwili, na hakuna kipande kilichotosha kazi yake.

DIRA
Mkuu Kaskazi, matukio umeyapanga vizuri ila hukumu yako siikubali. Kwa utaratibu, Meyer alikuwa akiba ya Kikosi cha Jeshi cha 84 cha Jenerali Erich Marcks, ngazi iliyo juu ya divisheni, kwa hiyo Kraiss hakuwa na mamlaka ya kumtumia apendavyo. Na saa 9 usiku hakuna aliyekuwa ameziona meli mbele ya Omaha. Hatari iliyokuwa inajulikana ni ile ya Carentan: adui akishika mwanya ule, divisheni za pande mbili za Vire zinatenganishwa. Usimpime mtu wa saa 9 usiku kwa habari za saa 6 mchana.

Tena hata Meyer angebaki palepale Bayeux, Gold ndiyo ingemmeza. Waingereza walitua saa 1:25 asubuhi na ulinzi wa pale ukabomoka haraka kuliko wa Omaha. Mimi naangalia upana wa eneo. Divisheni moja ililinda karibu kilomita 50 za pwani. Ndiyo maana ngome za zege, zenye namba kuanzia 60 hadi 73, zilijazana kwenye mabonde matano yanayotoka ufuoni, huku miteremko ya katikati ikiachiwa mabomu ya ardhini, nyaya na bunduki chache. Wamarekani walipokwama kwenye mabonde, vikundi vidogo vilipanda kwenye miteremko hiyo na kuzizunguka ngome kwa nyuma.

MBUYU
Kabla hamjaendelea, tuweke sawa jambo linalokosewa sana. Watu huandika kwamba 352 ilikuwa divisheni ya wababe wa vita vya Mashariki, yaani Urusi, iliyofika pwani siku chache kabla ya uvamizi. Iliundwa Novemba 1943 karibu na Saint-Lô. Makamanda wadogo wengi walikuwa mabaki ya Divisheni ya 321 iliyosagwa Urusi, lakini askari wa kawaida wengi walikuwa vijana wa miaka 18 na 19. Hadi Machi 1944 kila askari alikuwa amerusha magurunedi mawili tu na kushiriki mazoezi matatu ya risasi za moto. Walihamia pwani mwezi huo huo wa Machi, na baada ya hapo muda wa mazoezi uliliwa na kazi ya kusimika magogo na vizuizi ufuoni.

Halafu kuna Heinrich Severloh wa ngome namba 62, aliyedai kufyatua zaidi ya risasi 12,000 na kuangusha Wamarekani zaidi ya elfu moja. Piga hesabu. Mtutu wa MG 42, bunduki ya rashasha ya Kijerumani, unatakiwa kubadilishwa kila baada ya risasi kama 250 za mfululizo, la sivyo unachemka na kulegeza shabaha. Risasi 12,000 ni mizunguko 48 ya mitutu. Kwa saa nyingi za kupigana hilo linawezekana. Idadi ya waliopigwa ndiyo haiaminiki, kwani hasara iliyozoeleka kutajwa kwa ufuo mzima ni kama 2,400, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na sehemu kubwa yao ilitokana na mizinga, mota na bunduki nyingine. Luteni Bernhard Frerking, aliyeelekeza mizinga ya Houtteville akiwa ngome hiyo hiyo, aliwaumiza Wamarekani mno hadi makombora yalipokwisha.

KASKAZI
Mbuyu, nakubaliana nawe, na hilo la makombora linaipa hoja yangu nguvu: mizinga ikinyamaza, kinachobaki ni askari wa akiba. Dira naye ajibu jambo moja. Saa 7:35 mchana makao makuu ya 352 yaliripoti kwamba adui amerudishwa baharini, isipokuwa Colleville. Wakati huo ngome namba 65 ilikuwa imeshaanguka tangu saa 5:30, na bonde la Saint-Laurent limefunguka. Wakubwa wakaamini Omaha imekwisha na wakahamishia macho Gold. Huo ni uzembe wa makao makuu ya Kraiss.

DIRA
Ni ripoti mbovu, lakini tazama ilivyozaliwa. Afisa aliyekuwa Pointe et Raz de la Percée, juu ya jabali upande wa magharibi, aliona vifaru vinaungua na watu wamelala nyuma ya vizuizi pale Vierville, mwisho wa magharibi wa Omaha. Aliripoti alichokiona, na hapo kweli Wamarekani walikuwa wamekwama. Miteremko ya Saint-Laurent na Colleville ilikuwa mbali na macho yake, na simu za ngome nyingi zilikuwa zimekatwa na mizinga ya meli.

MBUYU
Na ile batalioni iliyotumwa Colleville ilifika, ikashambulia, ikakaribia kuwazingira Wamarekani kijijini. Kijiji hakikusafishwa hadi tarehe 7. Kama moja ilifanya hivyo, zote zingefanya nini?

DIRA
Zingefanya zaidi hapo kijijini. Kushuka ufuoni ni habari nyingine. Asubuhi hiyo meli ndogo za kivita za Marekani (destroya) zilisogea hadi karibu kilomita moja kutoka nchi kavu na kupiga ngome mojamoja kwa kulenga. Julai 1943 pale Gela, Sicily, vifaru vya Divisheni ya Hermann Göring vilikaribia ufuo, na mizinga ya meli ikachangia kuvirudisha nyuma. Meyer alikuwa na baiskeli.